Mshipa wa damu siyo bomba la sinki

SEHEMU YA KWANZA

Mama zangu, na ninyi akina baba mnaosoma kimyakimya bila kulaiki, nawaona. Wiki hii nilipanga niandike kuhusu watoto wanaokataa kula, lakini naomba hiyo isubiri. Nina jambo linanikaa kooni na nataka nilitoe. Ni refu, kwa hiyo nitaligawa. Bandika maji ya chai ndo uendelee.

Naanza kwa kukiri kosa.

Miaka karibu tisa sasa, asubuhi za kliniki nasimama mbele ya mabenchi natoa elimu ya afya kabla hatujaanza kupima watoto uzito. Nikifika kwenye presha na moyo nasema maneno yale yale: mafuta yanaganda kwenye mishipa kama yanavyoganda kwenye bomba la sinki, yanaongezeka taratibu, mwisho bomba linaziba. Watu wanaitikia kwa kichwa. Nani hajawahi kuzibua sinki lililojaa mafuta ya nyama ya sikukuu? Mfano unaingia haraka, nami nina watoto hamsini wanaosubiri mzani, naendelea.

Mwaka jana nikiwa wodini akaletwa mama wa miaka 36. Mkono wa kulia haunyanyuki, mdomo umeenda upande, maneno hayatoki. Kiharusi. CT scan ikaonyesha mshipa wa kichwani umeziba. Mume wake amembeba mtoto mdogo begani, mtoto analia anataka kunyonya, na yule baba ananiuliza, kwa upole kabisa, "Sista, si alikuwa anasafisha mishipa? Sasa imezibaje tena?"

Akatoa chupa kwenye mfuko. Imeandikwa inasafisha mishipa, inayeyusha mafuta, inarekebisha jeni. Ilinunuliwa 80,000 kwa mtu wa kundi la WhatsApp. Vidonge vyake vya presha vilikuwa vimekaa kabatini miezi miwili, kwa sababu muuzaji alimwambia asichanganye, na kwamba vidonge vya hospitali vinachosha figo.

Alipona kwa sehemu. Mguu umerudi vizuri, mkono bado unasumbua, hawezi kusonga ugali. Siku moja alipokuja mazoezi ya viungo nikakaa naye, nikamuuliza nini kilimfanya aamini. Hakukasirika. Akanitazama akasema pole pole, "Si ulituambia wewe mwenyewe kliniki, kwamba ni kama bomba? Bomba likiziba si linazibuliwa?"

Jamani. Nilienda chooni nikakaa huko kidogo.

Alinielewa vizuri sana yule mama. Mfano ndo uliokuwa na kasoro. Nimesoma tangu siku ile, nimewasumbua madaktari wenzangu kwa maswali, na nataka niwaambie nilichokipata, kwa sababu najua si yeye peke yake niliyempa lile bomba.

SEHEMU YA PILI

Ateri ni mshipa unaotoa damu kwenye moyo kuipeleka mwilini. Siyo bomba la plastiki. Ukuta wake ni nyama hai. Ndani kabisa, panapopita damu, pana safu moja tu ya seli zilizopangana kama vigae sakafuni. Chini ya vigae kuna tabaka jingine, na shida inaanzia huko chini, sehemu ambayo hakuna kinywaji kinachopita kwenda kuisugua.

Kolestro inasafiri kwenye damu ikiwa imefungwa kwenye vifurushi vidogo sana. Kifurushi kinachoitwa LDL ndicho chenye lawama. Kikiwa kingi, baadhi yake kinapenya katikati ya vigae na kunasa chini. Presha inayogonga ukuta kila siku inarahisisha kupenya huko. Moshi wa sigara pia, na sukari iliyozidi kwenye damu pia. Kwa hiyo mafuta hayagandi juu ya ukuta kama kwenye sinki. Yanaingia ndani ya ukuta.

Yakishanasa, mwili unatuma askari.

Wengi wenu mmesikia habari za askari wa mwili kwenye masomo ya CD4. Hawa ninaowataja ni ndugu zao, wanaitwa makrofeji. Kazi yao ni kuzoa taka. Bakteria aliyekufa, seli iliyozeeka, vumbi lililoingia mapafuni, makrofeji anameza. Bila wao tungeoza tukiwa hai. Wanafika kwenye ukuta wa ateri, wanakuta LDL iliyoharibika, nao wanaizoa kama walivyozoea. Wanameza na kumeza mpaka wanajaa vitone vya mafuta, ukiwatazama kwenye hadubini wanaonekana kama povu la sabuni. Madaktari wanawaita hivyohivyo, seli za povu.

Hapo kuna mawili. Makrofeji mwenye afya anaweza kuyatoa mafuta yale mlango wa nyuma, anamkabidhi msafirishaji mwingine aitwaye HDL, ayapeleke kwenye ini. Akishindwa kuyatoa, anakwama palepale ukutani, anapiga kelele za kuita wenzake, wenzake nao wanakuja wanameza wanakwama. Wengine wanafia humo. Baada ya miaka kunakuwa na kivimbe ndani ya ukuta, kimejaa mafuta, askari hai na maiti za askari, juu yake kuna kifuniko cha nyuzinyuzi.

Sasa sikilizeni hapa, kwa sababu hapa ndipo mfano wa bomba unapoua watu. Mara nyingi mshtuko wa moyo hauji kwa sababu kivimbe kimekua mpaka kikaziba njia. Unakuja kwa sababu kifuniko kimechanika. Wale askari wenye hasira wanatoa vimeng'enya vinavyokilainisha kile kifuniko, siku moja kinapasuka, damu inakutana na uchafu wa ndani na kuganda palepale kama inavyoganda kwenye kidonda. Donge hilo ndilo linaloziba. Na mara nyingi kivimbe kilichopasuka wala hakikuwa kile kikubwa. Ndo maana tunasema "jana tu alikuwa mzima, tulikuwa naye harusini." Kweli alikuwa anatembea vizuri. Njia ilikuwa wazi. Ukuta ndio uliokuwa unawaka.

Kwamba ni moto wa kinga, na siyo mafuta peke yake, lilipimwa kwa binadamu. Mwaka 2017 yalitoka majibu ya utafiti uitwao CANTOS. Watu zaidi ya 10,000 waliowahi kupata mshtuko wa moyo waligawanywa, wengine wakapewa sindano inayonyamazisha kelele moja ya askari hao, bila kushusha kolestro. Waliopata dozi ya kati wakapungukiwa na matukio mapya kwa karibu asilimia 15. Lakini waliochomwa sindano pia walikufa zaidi kwa maambukizi kidogo kuliko wasiochomwa. Ukimnyamazisha mlinzi, mwizi naye anapata nafasi. Hilo likumbukeni, litarudi.

(Na kabla hujakimbilia kule kwenye video za yule jamaa anayesema "kolestro haina shida, shida ni uvimbe wa ndani": hapana. Bila LDL kupenya ukutani askari hawana cha kufuata pale. Mafuta ni kuni, kinga ni moto. Usiniletee ubishi wa kuni na moto nani anaunguza nyumba.)

Kitu kingine kilichonishtua ni umri. Mwaka 1953 madaktari wa jeshi la Marekani walichapisha uchunguzi wa mioyo ya askari 300 waliofia vitani Korea. Wastani wa umri ulikuwa miaka 22. Zaidi ya robo tatu walikuwa na dalili za ugonjwa kwenye ateri za moyo. Vijana wa kupiga gwaride! Mwaka 1997 watafiti wa Italia wakaonyesha michirizi ya mafuta kwenye ateri kuu ya mimba zilizoharibika, mingi zaidi kwa mama waliokuwa na kolestro ya juu. Msianze kujilaumu mama zangu, nawajua. Michirizi siyo ugonjwa, mingi inaweza kufutika yenyewe. Nataka tu mjue kwamba hii habari siyo ya babu na bibi. Inaanza kwenye umri wa hawa tunaowabeba mgongoni.

SEHEMU YA TATU

Sasa lile neno kwenye chupa. "Inarekebisha jeni."

Nilijiuliza, kwa nini makrofeji mmoja anatoa mafuta mlango wa nyuma na mwingine anakwama? Si wana jeni zilezile? Jibu moja kati ya majibu ni kitu kidogo sana kinachoitwa maikro-RNA, na kisa chake kinapendeza.

Fikiria jiko la harusi. Kitabu cha mapishi yote ya ukoo kimefungiwa kabatini, hakitoki. Hizo ndizo jeni. Anayetaka pilau ananakili pilau peke yake kwenye kikaratasi na kukipeleka jikoni. Wapishi wanasoma kikaratasi, wanapika. Chakula kinachotoka ni protini, ndiyo inayofanya kazi yote mwilini. Tulivyosoma chuoni habari iliishia hapo. Kumbe jikoni pia kuna shangazi. Hapiki, hana sufuria, lakini anapita kati ya meza, akiona kikaratasi cha pilau ya tatu anakikunja na kukiweka kwapani. "Hii acheni kwanza." Kitabu hakijaguswa, neno halijafutwa, ila pilau haitapikwa. Shangazi huyo ndiye maikro-RNA. Ana herufi kama 22 tu, wakati kikaratasi cha kawaida kina maelfu.

Waliomgundua hawakuwa wanamtafuta. Mwaka 1993 Victor Ambros na Gary Ruvkun, Wamarekani, walikuwa wanachunguza kijinyoo cha udongoni chenye urefu wa milimita moja, wanataka kujua kwa nini baadhi ya vijinyoo havikui inavyotakiwa. Wakakuta kipande kifupi cha RNA kinachonyamazisha jeni nyingine. Dunia ikasema sawa, mambo ya minyoo hayo. Mwaka 2000 maabara ya Ruvkun ikapata kipande cha pili, na hicho kikakutwa kwa wanyama wengi mpaka binadamu. Leo tunajua mwili wetu una mashangazi zaidi ya elfu moja. Mwaka 2024 wale wawili wakapewa Tuzo ya Nobel, miaka 31 baada ya kijinyoo.

Turudi ukutani kwa makrofeji wetu. Ule mlango wa nyuma wa kutolea mafuta ni protini, kwa hiyo kuna kikaratasi chake. Shangazi anayekikunja anaitwa miR-33. Mwaka 2010 vikundi kadhaa vya watafiti viliripoti jambo hilo, na mahali anapokaa ndipo palinifanya nicheke peke yangu kwenye daladala. Anakaa ndani ya jeni ileile inayouambia mwili utengeneze na uvute kolestro pale inapopungua. Yaani seli ikihisi njaa ya kolestro, jeni inaamka na kusema "leta," na shangazi anaamka humohumo na kusema "na funga mlango wa kutolea." Si ndo tunavyofanya tarehe 25 mshahara haujaingia? Unatafuta unga, na huo huo uliopo unaufungia. Ni akili ya mama mwenye nyumba. Tatizo ni kwamba makrofeji aliyejaa povu hahitaji mtu wa kumbania mlango.

Watafiti wakajaribu kumzuia huyo shangazi. Kwa panya, mwaka 2011, walipompunguza miR-33 vivimbe vilivyokwishaota vilipungua, na mafuta yakatoka. Panya ana miR-33 moja tu, sisi tunazo mbili, kwa hiyo wakajaribu kwa tumbili, ambaye naye anazo mbili kama sisi. HDL ikapanda, na mafuta mengine kwenye damu yakashuka. Magazeti yakashangilia.

Kisha mwaka 2014 ikachapishwa kazi nyingine: panya waliolishwa mafuta mengi na kuzuiwa miR-33 kwa muda mrefu wakapata ini la mafuta, na mafuta kwenye damu yakapanda. Kwa sababu shangazi hakukunja kikaratasi kimoja. Alikuwa anakunja vingi, na jikoni kwa ini alikuwa na kazi nyingine kabisa.

Mwingine anaitwa miR-155. Huyu anawapandisha askari hasira. Mwaka 2012 kikundi kimoja kikaonyesha kwamba panya wasio naye kwenye seli za kinga wanapata vivimbe vichache. Mwaka huohuo kikundi kingine, na aina nyingine ya panya, kikaonyesha kinyume: wakimkosa, vivimbe vinakuwa vikubwa na dhaifu zaidi. Hakuna aliyedanganya. Baadaye ikaonekana kwamba inategemea ugonjwa umefika hatua gani. Mwanzoni anazuia makrofeji wasizaliane ovyo pale ukutani, mbele ya safari anachangia maiti kurundikana. Shangazi yuleyule, siku tofauti.

Na yupo wa kutuliza, miR-146a. Askari wakipiga kelele, yeye anaamka kwa kelele hizohizo na kuanza kukunja vikaratasi vya kelele. Mwili unawasha moto na ndoo ya maji unaitayarisha saa ileile. Nikifikiria hilo zamu ya usiku, wodi imetulia, naona Mungu ana mpangilio. Wewe unaweza kuona vingine, hatugombani.

SEHEMU YA NNE, ndefu kidogo, vumilieni

Nimewapitisha kote huko kwa sababu moja. Mtu anayewauzia chupa anatumia maneno ya kweli. Jeni ni kweli. Maikro-RNA ni kweli. Mishipa kuwa na mafuta ni kweli. Anachofanya ni kuchukua ukweli wa maabara na kuuweka kwenye lebo. Na ninyi mkienda kugoogle mnakuta kweli kuna utafiti, mnasema "kumbe yule dada alikuwa sahihi."

Mimi msimamo wangu ni huu. Kama watu waliosomea kitu kimoja miaka ishirini, wenye mizani ya kupima elfu ya gramu, wakimgusa shangazi mmoja wanapona mshipa na kuharibu ini, basi mtu anayekuambia chupa yake isiyo na dozi, isiyosema ina nini, inarekebisha jeni zako zote bila madhara, ama hajui anachosema ama anajua na anakuibia. Sina neno laini la hapo. Mpaka leo ninapoandika, hakuna hata dawa moja ya maikro-RNA iliyoidhinishwa kutibu mishipa ya moyo au ubongo. Hapa hakuna, Ulaya hakuna, Marekani hakuna. Ikija nitakuwa wa kwanza kuwatangazia, na nitavaa nguo ya sikukuu.

Najua nitaambiwa, "Sista wewe unachukia dawa za asili." Sichukii. Bibi yangu alinilea kwa mitishamba. Hata vidonge vya statini, vinavyoshusha kolestro na kuokoa watu wengi, asili yake ni ukungu, kama ule unaoota kwenye mkate. Mjapani Akira Endo aliutafuta ukungu huo miaka ya 1970 kwa kupima maelfu ya aina. Nauliza tu maswali ambayo yeye aliyajibu: kuna nini ndani, kiasi gani, nani alipima, nani alidhurika. Muuzaji akikasirika ukimuuliza, umeshapata jibu.

Sasa ya nyumbani. Kama hatuwezi kuwagusa mashangazi, tufanye nini? Tunaweza kupunguza kinachowafanya wahangaike. LDL ikipungua kuni zinapungua. Presha ikishuka vigae vinapumzika. Sigara ikiondoka nyumbani, na hapa nazungumza na baba anayevutia dirishani akidhani moshi unajua njia, kinga inatulia na ya mtoto pia. Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyojificha kwenye mkate, dagaa na viungo vya pakiti. Mafuta yaliyokwishachoma chipsi mara nne myaachie wenyewe. Tembea. Hakuna jipya hapo, najua, na ndo maana hakiuziki 80,000.

Kama umeandikiwa vidonge vya presha, usiviache kwa sababu unajisikia vizuri. Unajisikia vizuri kwa sababu unavimeza. Vikikuletea shida, kikohozi, miguu kuvimba, kizunguzungu, rudi uje ubadilishiwe, zipo aina nyingi. Ukipata ujauzito au unapanga kupata, sema mapema, maana baadhi ya dawa za presha na statini hazifai kwa mjamzito. Usiache kimyakimya.

Na hili ndilo lililonifanya niandike usiku huu badala ya kulala.

Yule mama wa miaka 36 alikuwa na presha ya mimba kwenye ujauzito wake wa kwanza. Nililiona kwenye maelezo yake. Mguu ulivimba, mkojo ulikuwa na protini, akajifungua mapema, mtoto akapona, wote wakashangilia, akaruhusiwa. Baada ya wiki sita hakuna aliyemuuliza tena habari za presha. Na alikuja kliniki! Alikuja kila mwezi miaka miwili, na ujauzito uliofuata pia, na baada yake pia. Nilimpima mtoto wake uzito mimi mwenyewe, mara ngapi sijui. Mashine ya presha ilikuwa mezani, hatua tatu kutoka kwenye mzani.

Mwanamke aliyepata presha ya mimba yenye protini kwenye mkojo ana hatari karibu mara mbili ya kupata ugonjwa wa moyo au kiharusi baadaye, kuliko ambaye hakupata. Hili halihitaji maikro-RNA, limejulikana siku nyingi. Wapo wanaochunguza kama mashangazi wa kinga wanahusika na hapo pia, na mimi nasubiri kwa hamu. Lakini mama huyu hakuhitaji kusubiri utafiti. Alihitaji mkanda wa presha mkononi dakika mbili.

Mfumo wetu unamwona mama akiwa na tumbo tu. Tumbo likishuka, kadi inakuwa ya mtoto. Mtoto ana chati, ana mstari wa kijani, ana tarehe ya kurudi. Mama amembeba tu, kama begi. Nasema hivi nikiwa ndani ya mfumo huo, na nikiwa mmoja wa waliombeba begi. Naona ni makosa, na sidhani kama yanahitaji mradi wala semina kuyarekebisha.

Kwa hiyo naomba hivi. Siku ya kliniki ya mtoto, akishapimwa, usiondoke. Mwambie nesi, "Sista, na mimi nipime presha." Akisema foleni ndefu, mwambie utasubiri. Nesi akikununia, vumilia, tunanuna kwa uchovu, siyo kwa chuki. Kaa dakika tano bila kuongea, mguu usikunje, mkono juu ya meza. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, usipanic, rudi upimwe siku nyingine, na ikirudia hivyo unahitaji daktari. Andika namba nyuma ya kadi ya mtoto kama huna pa kuandika. Kama uliwahi kupata presha ya mimba, sema, kila mara, hata kama mtoto huyo sasa yuko darasa la tano. Na ukiona kwa yeyote mdomo umepinda ghafla, mkono umelegea, maneno yanakwama, usimpe kitu chochote cha kunywa. Hospitali, saa hiyo hiyo, na kumbuka saa ilipoanza, tutakuuliza.

Mimi mfano wa bomba nimeuacha. Asubuhi za kliniki sasa nawaambia habari za ukuta na askari waliokula wakashindwa kutoka. Unachukua dakika nne zaidi na watoto wanalia. Wiki mbili zilizopita nikiwa katikati ya maelezo, nikamwona yule mama benchi la nyuma, kamleta wa mwisho chanjo. Nilipomaliza alinyanyua mkono, ule wa kushoto, nikadhani ana swali.

Alikuwa anakunja mkono wa gauni, anataka apimwe.

Niko zamu ya usiku mpaka Ijumaa, maswali nitayajibu Jumamosi. Yale ya watoto wanaokataa kula sijayasahau.